Mkono Ukishaachia

Haragwe likishauacha mdomo wa debe, mkono hauna tena usemi juu yake. Kutoka hapo hadi kwenye turubai, njia yake hupangwa na mambo mawili tu: mwendo lililoanza nao, na kani zinazolishika njiani. Kupepeta ni ufundi wa kupatanisha mambo hayo mawili. Saboti, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Elgon, kazi hii hushamiri Julai na Agosti, maharagwe yaliyopandwa pamoja na mahindi kwenye mvua za Machi na Aprili yanapong'olewa, yakaanikwa, yakapigwa kwa fimbo mpaka maganda yapasuke. Juu ya turubai hubaki mchanganyiko wa maharagwe ya aina ya rosecoco au wairimu, maganda, majani makavu, vijiti na vumbi. Kuvitenganisha kwa vidole kungekula wiki nzima. Upepo huimaliza kazi kwa asubuhi moja, mradi apatikane mtu anayejua kuachia.

Galileo, katika kitabu kilichochapishwa 1638, alionyesha kwamba kitu kilichorushwa, hewa ikiwekwa kando, huchora upinde uitwao parabola: mwendo wa kwenda mbele hubaki vilevile huku mwendo wa kushuka ukiongezeka kila nukta. Mwaka 1687 Isaac Newton akaliweka jambo kwa upana zaidi. Kani haiupi mwili mwendo wake wote, bali huubadilisha mwendo uliokuwapo. Ndiyo sababu kuzijua kani peke yake hakutoshi. Anayetaka kujua chembe itapita wapi sharti ajue pia ilianzia wapi, ikielekea wapi na kwa kasi gani. Maharagwe mawili yaliyo katika upepo uleule na mvutano uleule wa dunia hufuata njia mbili tofauti, kama moja limedondoshwa na jingine limesukumwa.

Bila hewa hakuna kupepeta. Tarehe 2 Agosti 1971, David Scott wa chombo cha Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja akiwa amesimama mwezini, na vyote viwili vikatua kwa wakati mmoja. Mwezini mtu angepepeta hadi kiama na maharagwe yangebaki na makapi yake.

Duniani hewa haishiki vitu vyote sawasawa. Haragwe la rosecoco lina uzito wa chini kidogo ya nusu gramu na limejikusanya, kwa hiyo hewa hupata mahali padogo pa kulishika. Kipande cha ganda kina uso mpana na uzito usiofika sehemu ya kumi ya huo. Kila kinachoanguka huongeza mwendo mpaka ukinzani wa hewa ulingane na uzito wake, na kuanzia hapo kasi haiongezeki tena. Kwa kapi jembamba kasi hiyo ya ukomo ni kama mita 1.5 kwa sekunde, na hufikiwa karibu papo hapo. Kwa haragwe ni kama mita 11, na haragwe lililodondoshwa kutoka kimo cha kifua hugonga turubai likiwa na karibu nusu tu ya kasi hiyo.

Hesabu ya haraka inatosha kuonyesha kinachofuata. Upepo uwe wa mita 3 kwa sekunde, ule unaochezesha majani ya mahindi bila kuyalaza, na debe liinuliwe mita moja na nusu. Haragwe huwa hewani kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde, na upepo hulisogeza sentimita 15 hivi, yaani chini ya shibiri. Kapi huelea kwa sekunde nzima na kutua mita 3 mbele. Kati ya shibiri na mita 3 kuna nafasi ya kutosha hata kwa anayejifunza.

Lakini mpepetaji mzoefu hamwagi tu. Ukimtazama kwa karibu, kifundo cha mkono kinatikisika, debe linainama kidogo, na mkondo unatoka mwembamba, umesukumwa kidogo kuelekea kule upepo unakotoka. Msukumo huo una maana kubwa. Haragwe na kapi huondoka mdomoni kwa kasi moja, tuseme nusu mita kwa sekunde, ila kila kimoja huutunza mwendo huo kwa muda wake. Kapi huupoteza katika sehemu ndogo ya sekunde, likageuka na kuufuata upepo kana kwamba halikuwahi kusukumwa. Haragwe hubaki na sehemu kubwa ya mwendo wake mpaka chini, na hutua sentimita kadhaa upande wa pili wa miguu ya mpepetaji. Haragwe, kwa maneno mengine, hukumbuka mkono, na kapi hukumbuka upepo tu. Mtoto anayejaribu kurusha unyoya kama anavyorusha jiwe hugundua jambo lilelile, kwa hasira.

Unene wa mkondo nao ni wa kuchunga. Yakimwagwa mengi kwa pamoja, maharagwe huburuta hewa kwenda nayo chini na kuyakinga makapi yaliyo katikati, ambayo hutua ndani ya fungu yakiwa hayajaguswa. Kimo husaidia kwa sababu makapi hupata muda wa kwenda mbali, na juu kidogo upepo ni mkali kuliko ulio karibu na ardhi. Kikizidi, maharagwe hudunda kwenye turubai na kutawanyika nyasini, na kuku huwa hawako mbali.

Upepo mkali ni mtego. Ukiongezeka maradufu, kutoka mita 3 hadi 6 kwa sekunde, kapi huenda mara mbili ya umbali wa kwanza, lakini haragwe huenda karibu mara tatu, kwa kuwa nguvu ya hewa hupanda upesi kuliko kasi yake. Uwiano kati ya safari hizo mbili hupungua, na punje ndogo au zilizotobolewa na wadudu, zenye umbo la haragwe zima lakini uzito pungufu, huanza kuondoka na maganda. Ndiyo maana dharuba ikija debe husimamishwa wima, mkondo ukakatwa, na kazi ikangoja. Kungoja huko ni nusu ya ufundi, ingawa mpita njia hudhani ni kupumzika.

Saa yenyewe hutolewa na mlima. Elgon, wenye kimo cha mita 4,321, huvuta hewa juu jua linapopasha miteremko yake mchana, na usiku huirudisha ikiwa baridi. Katika miezi ya mavuno ya maharagwe mvua hupenda kunyesha alasiri, kwa hiyo nafasi nzuri ni kati ya umande kukauka na mawingu kujikusanya. Kapi lililolowa huwa zito na hunata kwenye haragwe. Tena, mji jirani wa Kitale uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa chini kidogo ya moja ya tano. Upepo wa kasi ileile una nguvu ndogo zaidi huku juu, tofauti ambayo mkono huizoea bila kuipigia hesabu.

Siku isiyo na upepo huletewa ungo. Hapa kasi ya kuanzia ndiyo kila kitu. Mikono huinua ungo kwa ghafla kisha huusimamisha, na vilivyomo huendelea kupanda. Kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde haragwe hupanda sentimita 20 na kurudi. Kapi lililoondoka nalo huishia 12 hivi, na likiwa pale juu pumzi kidogo ya hewa, au ya kinywa, hulivusha ukingo wa mbele.

Mashine za kupukuchua mahindi zinazokokotwa na trekta kuanzia Oktoba zina feni ndani, na kanuni ni hiyohiyo. Fundi hurekebisha mdomo wa feni kama mama anavyochagua upepo, tofauti ikiwa kwamba feni haichoki na haina subira.

Wimbi ndilo mtihani. Punje yake ina upana wa milimita 1.5 hivi, na kasi yake ya ukomo ni kama mita 6 au 7 tu kwa sekunde. Upepo ule wa mita 3 huisogeza karibu sentimita 40, kwa hiyo Saboti na kaunti jirani ya Bungoma wimbi hupepetwa kutoka chini zaidi, kwa upepo mwanana, kidogo kidogo. Adui mkubwa wa wimbi hata hivyo si kapi bali mchanga. Chembe ya mchanga yenye ukubwa wa punje ni nzito kuliko punje, hivyo hudondoka kwenye fungu lilelile, na upepo unaofaa kwa makapi hauwezi kuiondoa. Hugunduliwa mezani, ugali ukishatafunwa. Kwa sababu hiyo uwanja wa kupuria wimbi ulikuwa ukisiribwa kwa samadi ya ng'ombe na kuachwa ukauke siku nzima kabla suke la kwanza halijapigwa.