Mlango wa Mpakiaji

Kifaru kikipigwa, mara nyingi kinachowamaliza waliomo ni mzigo wao wenyewe. Kombora la adui hutoboa tundu jembamba tu, lakini vipande vya moto vikiingia na kugusa baruti iliyopangwa ndani, watu wanne waliobanana humo hawapati hata nafasi ya kufungua mfuniko. Ndiyo maana wasanifu wa vifaru wamehangaika miaka mingi na swali moja: baruti ikae wapi?

Wamarekani walianza na maji. Vifaru vyao vya Sherman vya mwanzo vilibeba makombora kwenye rafu za ubavuni, juu ya minyororo, sehemu inayopigwa sana. Mwaka 1944 rafu zilishushwa sakafuni na kuzungushiwa maji yenye glikoli, yasigande wakati wa baridi. Baadaye mabaki yakahesabiwa: katika Sherman za rafu kavu zilizopigwa, asilimia 60 hadi 80 ziliungua, katika zile za rafu za maji, 10 hadi 15. Kuhesabu vyuma vilivyoungua ni kazi isiyo na sifa, lakini bila hesabu hiyo hatua iliyofuata ingekuwa ya kubahatisha.

Hatua hiyo ilionekana wazi kwenye kifaru cha Abrams, kilichoingia kazini mwaka 1980. Hapo wasanifu walikubali kwamba baruti itawaka siku moja, wakashughulikia njia ya moto. Katika M1A1, toleo mojawapo la Abrams, makombora 34 kati ya 40 hukaa kwenye chumba kilicho nyuma ya mnara. Kati ya chumba hicho na watu kuna ukuta mnene wa chuma wenye milango inayoteleza. Paa la chumba ni la paneli zilizofanywa dhaifu kwa makusudi, zing'oke kabla ukuta haujashindwa. Kwetu sisi wa Ufipa, hesabu hii ya kuuongoza moto si ngeni. Wayeyusha chuma wa zamani walisimamisha ilungu, tanuri la udongo linalompita mtu kimo, matundu chini na mdomo wazi juu, moto ukavuta hewa wenyewe bila mivukuto na kupanda kule walikotaka.

Lakini chumba bila mkono wa mtu hakifai kitu, na mkono huo ni wa mpakiaji. Anakaa kushoto kwa mzinga. Kamanda akiagiza, anasukuma swichi kwa goti na mlango mzito unateleza. Anafyatua kishikizo, anakamata kitako cha kombora na kulivuta. Lina kilo 20 hivi, na ganda lake lenyewe ni la kuungua, huacha kitako cha chuma tu. Goti linatoka kwenye swichi, mlango unajifunga. Kombora bado liko mikononi. Analigeuza ncha itazame mbele, analiingiza, kisha analisukuma kwa ngumi iliyokunjwa, kwa sababu kifunga mzinga hupanda ghafla na vidole vilivyonyooka vitabaki humo. Anajiondoa kwenye njia ya mzinga unaporudi nyuma, anapandisha mkono wa usalama, anapaza sauti kwamba tayari. Mpakiaji hodari hufanya yote hayo kwa sekunde chache, gizani, kifaru kikirukaruka mashimoni. Ninachokistahi zaidi ni lile goti. Kuacha mlango wazi kungemwongezea kasi, naye anaufunga kila mara.

Chumba kikipigwa mlango ukiwa umefungwa, paneli huruka na ndimi za moto hupaa juu ya mnara. Cheche zikiwafikia watu kwa njia nyingine, vitambuzi vya mwanga huziona na gesi ya haloni hufyatuliwa, moto ukazimwa ndani ya robo sekunde hivi.

Nilimsimulia haya mzee mmoja wa hapa Chala, aliyekuwa ndani ya kifaru cha Kichina cha Type 59 katika vita vya Kagera, 1978 na 1979.

"Mwanangu, na hao wa ndani hawaivi kwa joto la huo ukuta?"

"Joto wanalipata, mzee wangu. Ila ukuta unawapa muda wa kutoka."

"Haya," akasema. "Sisi tulikaa na baruti miguuni."

Askari wengi wa vifaru Afrika Mashariki bado wanakaa nayo miguuni. T-72 zile 33 zilizotekwa na maharamia wa Kisomali ndani ya meli ya Faina mwaka 2008, zikafika Mombasa Februari 2009, zina sinia la duara sakafuni lenye makombora 22, na mengine yametawanywa kando ya askari. Mashine hupakia, mtu mmoja anapungua, kifaru kinakuwa kifupi na kigumu kulengwa. Ni usanifu wa akili. Ila baruti ikiwaka, mnara mzima huruka, na watu watatu hawaonekani tena.

Swali la baruti ikae wapi haliishii kwenye kifaru: kwenye ghala la silaha, ukuta mkubwa ni umbali. Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto, tarehe 16 Februari 2011, mabomu yalilipuka kambini na kuangukia nyumba za watu. Katika kila tukio walikufa watu wasiopungua 20. Ndugu msomaji, ukiuziwa kiwanja cha bei poa karibu na uzio wa ghala kama hilo, usinunue.