Kofia na Kiwiliwili

Ukimvua kofia askari wa Kiitaliano wa plastiki, humjui tena ni nani. Chini ya kofia hiyo kuna umbo la sentimita 4 ambalo Lego ya Denmark ililitoa mwaka 1978, likiwa na uso wa manjano, nukta mbili za macho na tabasamu moja kwa wote. Kampuni yenyewe, kwa desturi, haitengenezi askari wa vita vya kisasa. Wapo wengine wanaochukua kiwiliwili cha namna hiyo, wakakichapa vifungo, mikanda na kola, wakakivika kofia ya chuma, wakakiuza kwa wakusanyaji kama mwanajeshi wa Mussolini.

Mtazame huyo anayeitwa bersagliere, askari wa miguu wa Kiitaliano. Miguu inazunguka nyongani lakini haina magoti, kwa hiyo hapigi goti kulenga shabaha wala hachuchumai. Ajabu kidogo, maana bersaglieri halisi sifa yao ni kukimbia, hata kwenye gwaride. Viganja vimepindwa nusu duara na hushika chochote chenye mpini wa kipimo chake. Kinachomtambulisha ni fungu la manyoya meusi linaloning'inia upande wa kulia wa kofia. Historia yote ya kikosi imebebwa na manyoya hayo. Ukiyang'oa, umebaki na mtu yeyote.

Mhakiki mwenye haraka atasema mchezo umevirahisisha vita. Mimi naona fundi wa plastiki amemwiga fundi wa sare, na amemwiga vizuri. Chukua askari wa Eritrea waliopigana upande wa Italia. Walivaa tarbushi nyekundu ndefu yenye kishada, na kiunoni wakajifunga mshipi mpana wa kitambaa. Rangi ya mshipi na kishada ndiyo iliyokuambia huyu ni wa batalioni gani. Ofisa hakuhitaji kumjua mtu kwa sura. Alisoma kiuno na kichwa. Kiwiliwili kimoja, rangi za kubadilisha: jeshi la kikoloni lilikuwa na kalibu yake miaka mingi kabla ya kiwanda cha Denmark.

Wala hao hawakuwa wa kujazia safu. Italia ilipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940, zaidi ya nusu ya wanajeshi waliokuwa chini ya Amedeo, Duke wa Aosta, katika Afrika Mashariki ya Kiitaliano walikuwa Waafrika. Huko Keren, nchini Eritrea, Februari na Machi 1941, batalioni za Waeritrea zilishikilia milima pamoja na Waitaliano kwa takriban wiki saba. Kwa hiyo kisanamu kilichochapwa rangi ya kijivu-kijani, ndevu fupi na kofia ya chuma kinafaa Albania au Urusi. Huku kwetu Mwitaliano alivaa kaki, na aliyesimama ubavuni mwake mara nyingi alikuwa na tarbushi.

Kuna vazi moja linaloishinda plastiki. Dubat, Wasomali waliolinda mipaka ya Somalia ya Kiitaliano, walifunga vilemba vyeupe. Kofia unaivaa, kilemba unakifunga, na kila kichwa kina mkunjo wake. Ukikimimina kwenye kalibu kinakuwa helmeti nyeupe yenye mistari. Mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa, aliyezoea kutofautisha vilemba Ijumaa moja hadi nyingine, hatadanganyika hapo. Rangi ya uso nayo ni mtihani. Manjano ya 1978 ilikusudiwa isiwe ya kabila lolote, lakini mtie tarbushi huyo wa manjano uone kama bado hana asili. Ni mwaka 2003 ndipo Lego ilipoanza kutoa nyuso za rangi za ngozi.

Mombasa ina umbo jingine la mtu lililochorwa na Mwitaliano kwa ajili ya vita, nalo halitoshei kiganjani. Ngome ya Yesu ilibuniwa na Giovanni Battista Cairati wa Milano, akiwatumikia Wareno, na ujenzi ukaanza 1593. Ukiitazama kutoka juu, ni mwili: sehemu iliyochomoza kuelekea baharini ni kichwa, na ngome za pembeni, San Mateus, San Matias, San Alberto na San Felipe, ni mikono na miguu. Mwili huo umenyooshwa kwa rula, ukawa pembe tupu, ili mizinga ya upande mmoja ikinge ukuta wa upande wa pili. Hauna uso. Ndiyo maana uliwafaa Wareno, ukawafaa Waomani kuanzia 1698, ukawafaa Waingereza walioufanya gereza hadi 1958. Bendera ilibadilishwa juu yake, na kiwiliwili kikamtumikia kila aliyekitwaa. Cairati na fundi wa kisanamu wana hesabu moja, ila Cairati alikuwa na sababu za mizinga.

Askari wa shaba wa ukumbusho wa Jomo Kenyatta Avenue, papo hapo Mombasa, wanakwenda njia ya pili. Wana mikunjo ya nguo, uzito wa mwili, mashavu. Mchongaji aliwapa kila kitu isipokuwa majina. Ukumbusho huo ni wa Waafrika na Waarabu wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ndugu yake wa Nairobi amechorwa maneno ya Rudyard Kipling yanayoahidi kwamba wana watalikumbuka jina la baba. Majina yenyewe hayakuandikwa.

Nirudi kwenye kiganja, kwa sababu ndicho sehemu bora ya kisanamu. Hakijaumbwa kwa bunduki. Bunduki inachomoka, na hapo plastiki inasema kweli kuliko pakiti yake. Pwani ilivionja vita vya Mwitaliano kwa mabomu ya ndege yaliyoangukia Malindi Oktoba 1940, lakini Kenya kwa jumla ilimjua akiwa mateka. Mwaka 1942 wafungwa wa Kiitaliano walikuwa wakichonga barabara ya kuteremka Bonde la Ufa, na kando yake, Mai Mahiu, wakajenga kanisa dogo ambalo bado lipo. Mtengenezaji anayetaka seti yake ifike hadi Kenya hana haja ya kubadilisha mwili wala sura. Bunduki itoke, uingie mwiko wa mwashi.