Mahekalu ya Ugiriki na Mti wa Katuruka

Vijana wetu wa kipaimara hapa Mwanza wanaijua Delphi. Wameifikia katika banda la gemu, wakicheza Assassin's Creed Odyssey, mchezo wa kampuni ya Ubisoft uliotoka mwaka 2018. Humrudisha mchezaji katika Ugiriki ya mwaka 431 K.K., Athene na Sparta zinapoanza vita. Jioni moja tuliketi nao kutazama, maana mchungaji hana budi kujua kondoo wake wanalisha wapi.

Tukiri kwanza uzuri wake. Nguzo ndefu, sanamu zenye rangi kama zilivyokuwa kale: ni kazi ya watu waliosoma. Mwaka 2019 ziliongezwa hata ziara za mafunzo zisizo na mapigano. Lakini tulipofika kwenye gofu la hekalu dogo, kijana aliyeshika pedi alifanya kile mchezo ulichomzoeza: alipanda ukuta, akatafuta sanduku la hazina, akalipora, akaenda zake. Hakuuliza ni nani waliopiga magoti pale, wala waliomba nini. Hapo ndipo mchezo unapopungukiwa. Gofu limechorwa kwa uangalifu, kisha likageuzwa ghala la kuibia.

Ndipo kijana mwingine akatuuliza, "Mchungaji, kwa nini hekalu la Wagiriki ni historia, na mahali pa matambiko pa babu zetu ni ushetani?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Ng'ambo ya ziwa, safari ya usiku mmoja kwa meli hadi Bukoba na kisha mwendo wa barabara, kuna kijiji cha Katuruka. Hapo palikuwa na mti wa Kaiija, mahali patakatifu pa Wahaya, palipohusishwa na uhunzi na mfalme Rugomora Mahe. Miaka ya 1970 ilipoanza, mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza wazee, akachimba walikomwelekeza, akakuta mabaki ya uyeyushaji chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Masimulizi ya wazee yalikuwa yametunza kumbukumbu ambayo udongo uliithibitisha. Gofu lile la kwenye gemu halina mzee wa kulisimulia. Katuruka ilikuwa nao.

Nasi watu wa kanisa mara nyingi tumepita mahali kama pale tumekaza macho mbele. Mtume Paulo hakufanya hivyo Athene. Matendo ya Mitume sura ya 17 inaeleza jinsi sanamu za mji ule zilivyomchoma rohoni. Hata hivyo aliuzunguka, akaangalia vizuri, akaiona madhabahu ya Mungu asiyejulikana, na mahubiri yake akayaanzia hapo. Hakuabudu pale, wala hakupora. Alitambua kiu ya watu.

Basi tulimjibu kijana wetu hivi: mbele ya Injili, hekalu la Mgiriki na mti wa babu yako vinasimama mstari mmoja. Hatuviabudu, kwa kuwa Kristo anatutosha. Lakini tukimheshimu Mgiriki kwa kumtafuta Mungu gizani na kumdharau babu kwa jambo lilelile, hiyo si imani safi. Ni kujidharau tu.

Likizo ijayo tunakusudia kupanda meli pamoja nao. Kabla ya safari, kila mmoja atawauliza wazee wa kwao: zamani, mvua ilipokataa kunyesha, mliomba wapi, na mlimwita nani?