Nyumbani, Tumia Sasa

Picha yangu ipo kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti ya chuo ninachosoma. Ni ya tatu kati ya tano zinazopishana, kwa hiyo mtu mwenye bando la kubania anaweza kufunga ukurasa kabla sijatokea. Nimevaa shati la bluu, nimeshika kompyuta ya kuazima, na pembeni yameandikwa maneno yangu: "Nimeweza kusoma shahada ya uzamili nikiwa kazini." Mwisho wa sentensi pana nukta.

Siku niliyohojiwa kwa simu sikuweka nukta pale. Niliweka mkato, nikaendelea: lakini nisingeweza bila wenzangu wa darasa, maana mara nyingi sikujua nibonyeze wapi. Dada aliyenihoji alicheka, akasema ananielewa kabisa. Kisha sentensi yangu ikakatwa hapo hapo kwenye mkato.

Nasoma fasihi ya Kiswahili, na kazi tunayofundishwa ndiyo hiyo: kuangalia nani anazungumza, anazungumza na nani, na kitu gani kimeachwa nje. Kwa miaka miwili tovuti hii ndiyo matini niliyoisoma mara nyingi kuliko riwaya yoyote. Nimeisoma saa saba usiku, nimeisoma ndani ya basi, nimeisoma nikiwa na hasira. Naona inastahili kuhakikiwa kama kitabu kingine chochote, hasa kwa kuwa kuna watu wanaokopa fedha kwa sababu ya yaliyoandikwa humo.

Nianzie mlangoni. Picha zote tano, pamoja na yangu, zimepigwa kampasi. Vijana wameketi kwenye nyasi chini ya mti, wanne wamezunguka kompyuta moja, wanacheka. Ni picha nzuri. Lakini ukurasa huu unatangaza masomo ya mtandaoni, na sisi tunaosoma mtandaoni hatukai kwenye nyasi zile. Mimi nilizikanyaga siku moja tu, siku ya kupigwa picha. Naishi Makambako, njia panda ya malori yaendayo Mbeya na Songea, na mwezi Juni husoma nimejifunika blanketi kwa sababu ya baridi. Mwenzangu mmoja ni muuguzi. Hufungua mihadhara akiwa zamu ya usiku, sauti kaizima, anafuata slaidi tu. Mtu kama huyo hayumo kwenye picha hata moja.

Sasa sikiliza sauti. Ukurasa wa mbele una nafsi mbili tu, sisi na wewe, na wakati mmoja tu, wakati ujao. Utajifunza kwa kasi yako. Utatimiza ndoto zako. Tutakuwa nawe kila hatua. Ukishadahiliwa na kuingia ndani kwa nywila, sarufi inabadilika. "Sisi" anatoweka. "Wewe" anageuka kuwa "mwanafunzi". Vitenzi vyote vinaingia katika kauli ya kutendwa: ombi limepokelewa, usajili umefungwa, malipo hayajathibitishwa. Limepokelewa na nani? Umefungwa na nani? Anayeitazama tovuti kutoka nje anaahidiwa na watu. Aliyekwisha kulipa anajibiwa na vitenzi.

Upande wa lugha nao una mambo yake. Juu kulia kuna kitufe cha kugeuza tovuti iwe ya Kiswahili. Mara ya kwanza nilikibonyeza kwa furaha, nikakuta aliyetafsiri ni mashine. Kitufe cha kuomba nafasi kinasema "Tumia Sasa". Nitumie nini? Tulicheka wiki nzima, hadi mwenzetu mmoja akasema mashine haikukosea sana, kwa sababu kitufe kinachofuata ni cha kulipa ada ya maombi, shilingi 50,000, isiyorudishwa. Nacheka bado, ila kuna kinachoniuma. Kozi ninayosoma ni ya Kiswahili. Walimu wangu ni watu wanaoandika Kiswahili cha kupigiwa mfano. Maelezo ya kozi yao yameandikwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kimeachiwa mashine.

Halafu kuna "Nyumbani". Ndilo neno la kwanza juu kushoto, na ndilo ninalolikimbilia nikipotea. Kila nikilibonyeza linanitoa nje, linanirudisha kwenye nyasi na vijana wanaocheka, na linaniuliza kama ningependa kuomba nafasi. Baada ya miaka miwili nyumbani bado hawanijui.

Lakini sehemu inayosema kweli kuliko zote ni ukurasa wa matangazo. Matangazo yenyewe hayakuandikwa kwenye ukurasa. Ni barua zilizochapwa, zikatiwa saini, zikagongwa muhuri, zikapigwa picha kwa skana, kisha zikapandishwa kama faili. Nyingine zimelala ubavu, inabidi ugeuze simu. Nyingine ni nzito kiasi kwamba bando la siku linakwisha barua ikiwa nusu. Huwezi kutafuta neno ndani yake, kwa sababu kwa mashine hiyo ni picha tu. Mwanzoni niliona ni uvivu wa mtu fulani wa ofisini. Siku hizi naona ni imani. Chuo chenyewe hakiiamini tovuti yake. Jambo likiwa zito, kama tarehe ya mwisho au mabadiliko ya ada, linarudi kwenye karatasi na wino wa zambarau ndipo lihesabike kuwa limesemwa.

Masomo ya mbali hayakuanza jana. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa wasiohudhuria darasani mwaka 1858. UNISA ya Afrika Kusini ilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Nelson Mandela alisomea sheria kupitia London akiwa kifungoni Robben Island. Hapa kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kikafungua vituo mikoani. Baba yangu mdogo alisoma sekondari kwa njia ya posta, na bahasha zake anazo hadi leo. Aliwahi kunionyesha moja. Jibu lilichukua wiki sita kufika, na wakati huo alilalamika sana. Lakini chini ya barua pana jina la mtu, na baba mdogo bado analikumbuka jina hilo. Sisemi turudi kwenye posta. Mimi mwenyewe nisingesubiri wiki sita. Nasema tu kwamba katika kuharakisha barua kuna mahali tulimpoteza aliyeitia saini.

Niwe mkweli pia kwa upande wa pili. Tovuti hii ina chumba kimoja ninachokipenda, nacho ni hazina ya tasnifu. Haina picha wala ahadi, ina orodha na kisanduku cha kutafutia. Usiku mmoja nilifungua humo tasnifu ya zamani kuhusu tenzi, ambayo zamani ningeifuata kwa basi la siku nzima, na nikaisoma nikiwa chini ya blanketi langu. Aliyeitengeneza sehemu ile alijiuliza mwanafunzi anataka nini, akampa, akaishia hapo. Kwa hiyo chuo kinaweza.

Nafika sasa kwenye jambo lililonifanya niandike.

Madam wa Jiografia shuleni kwetu aliiona picha yangu. Alikuja na simu yake mezani kwangu wakati wa chai.

"Mwalimu, huyu si wewe?"

"Ni mimi, Madam."

"Kwa hiyo inawezekana."

Hapo nilikuwa na nafasi ya kuimalizia ile sentensi. Chai ilikuwa inapoa, kengele ilikuwa karibu, na nilifurahi kutambuliwa. Nikasema, "Inawezekana."

Aliomba, akapata. Akachukua mkopo wa SACCOS, shilingi 1,500,000, unaokatwa kwenye mshahara. Ukurasa wa kalenda ulisema usajili unafungwa Novemba 30. Barua yenye muhuri, iliyolala ubavu kwenye matangazo, ilisema wanafunzi wa mtandaoni mwisho wao ni Novemba 15. Mkopo ulitoka tarehe 17. Tarehe 18 aliomba kontroli namba, akaipata, akalipa shilingi 800,000, na fedha ikapokelewa bila neno. Mfumo wa malipo haukuwa umeisoma barua. Mfumo wa usajili ulikuwa umeisoma. Ukurasa wake ukaandika: Hali, haijakamilika.

Aliandika barua pepe, akajibiwa na mashine. Alipiga simu siku nne. Siku ya tano mtu akapokea, akamsikiliza kwa upole, akamwambia asubiri mwaka ujao wa masomo, fedha yake ipo, haijapotea. Ni kweli haijapotea. Ila SACCOS wanakata kila mwezi, na Madam hasomi.

Ile barua mimi niliiona. Kiongozi wa darasa letu aliigeuza, akaikuza, akaituma kwenye kundi letu la WhatsApp siku ile ile ilipotoka. Ndivyo anavyofanya siku zote, na ndiyo maana naliita kundi lile tovuti halisi ya chuo. Sikumtumia Madam. Nilidhani wa mwaka wa kwanza wana kundi lao. Baadaye nikagundua kwamba kundi lao huundwa wakishasajiliwa. Yaani mtu anayeitegemea tovuti peke yake, asiye na mwenzake wa kumtafsiria, ni yule aliye mlangoni, ambaye bado hajaingia. Sisi wa ndani tulishaacha kuisoma.

Kwa hiyo hukumu yangu kama mhakiki siyo kwamba tovuti ni mbaya. Kuna walioiandika ili ivutie, na kuna walioiandika ili ofisi isije ikalaumiwa, na hawajawahi kukaa meza moja. Anayelipia utengano huo ni msomaji mgeni. Dawa yake ni ndogo: tarehe moja, mahali pamoja, kwa maandishi yanayosomeka kwenye simu, na chini yake jina la mtu na namba inayopokelewa. Ukurasa wa mbele wangeweza kuuacha na nyasi zake.

Nami sina pa kujificha. Katika matini hii mimi si msomaji tu, ni mhusika, nimevaa shati la bluu. Mwezi uliopita niliandika ofisini kuomba waimalizie sentensi yangu au waitoe picha. Jibu lilikuja ndani ya dakika moja: "Maoni yako yamepokelewa."

Picha bado ipo. Madam ataomba kontroli namba tena Oktoba, na safari hii hafungui tovuti. Wakati wa chai anakuja mezani kwangu, anavuta kiti, anauliza, "Mwalimu, huko kwenye kundi wamesema nini?" Nami nafungua simu, namsomea kila kitu mpaka mwisho.