Mtumwa na Mtume: Lugha ya Imani katika Kisa cha Yusufu

Kisa cha Yusufu mwana wa Yakobo, kinachochukua sehemu kubwa ya Mwanzo 37 hadi 50, kimezoeleka kusomwa kama hadithi ya mtu mwema aliyesubiri akalipwa: kwanza shimo, kisha gereza, kisha utawala. Usomaji huu si wa uongo, ila ni wa haraka mno. Unaiweka imani mwanzoni mwa kisa ilhali msimulizi ameiweka karibu na mwisho. Tena unayapita maneno yenyewe ambayo kwayo Yusufu anakuja kuyaelewa maisha yake. Makala haya yanadai kwamba imani katika kisa hiki ni tendo la lugha. Mtu aliyeuzwa anatafuta kitenzi cha pili cha kuielezea safari yake, na anapokipata hakifuti kile cha kwanza.

Linalomkabili msomaji makini mwanzoni ni ukimya. Yusufu ana umri wa miaka 17 anapovuliwa kanzu huko Dothani, akatupwa katika shimo lisilo na maji, kisha akauzwa kwa vipande 20 vya fedha. (Kama wanunuzi walikuwa Waishmaeli au Wamidiani ni fundo ambalo wataalamu wa vyanzo vya Mwanzo wamelivutana kwa muda mrefu, na hapa halihitaji kufunguliwa.) Katika tukio hilo zima kijana hatamki neno. Reubeni anasema, Yuda anapiga hesabu ya faida, ndugu wanakaa kitako kula chakula. Msomaji aweza kudhani kwamba kijana alinyamaza kwa ushujaa. Ni katika sura ya 42, miaka zaidi ya 20 baadaye, ndipo ndugu hao, wakiwa mashakani huko Misri, wanakumbushana kwamba waliiona taabu ya nafsi yake alipowasihi, nao wasimsikilize. Basi kilio kilikuwapo. Msimulizi alikiondoa mahali pake akakihifadhi katika masikio ya wakosaji. Erich Auerbach, katika Mimesis iliyotoka mwaka 1946, alitumia safari ya Ibrahimu na Isaka kuonyesha jinsi masimulizi ya Kiebrania yanavyoyaacha mawazo ya wahusika gizani. Kisa cha Yusufu, kwa wingi wa mazungumzo yake, huonekana kuwa na mwanga zaidi. Kilio hiki kilichocheleweshwa chathibitisha kwamba giza limo humu pia.

Ukimya wa pili ni wa Mungu. Alisema na Ibrahimu, alisema na Isaka, na katika kisa hiki hiki anasema na mzee Yakobo usiku kule Beer-sheba. Na Yusufu hasemi hata mara moja. Sura ya 39 yarudia kwamba Bwana alikuwa pamoja naye, nyumbani kwa Potifa na gerezani, na hata Potifa anaona hivyo. Lakini msimulizi hamwonyeshi Yusufu mwenyewe akilisema jambo hilo. Hapo ndipo Mwanzo inapoachana na Sura Yusuf, ya 12 katika Kurani, ambayo wasomaji wengi wa pwani waliijua kabla ya Biblia kufasiriwa kwa Kiswahili. Katika Kurani kijana anapewa wahyi kisimani kwamba siku moja atawaeleza ndugu zake walilolitenda, na gerezani anawalingania wafungwa wenzake imani ya Mungu mmoja kabla ya kuwafasiria ndoto zao. Utendi wa Yusufu, ambao Annachiara Raia aliuchunguza kwa kina katika kitabu kilichotoka mwaka 2020, umo katika mkondo huo. Yusufu wa Kurani anaingia gizani na taa mkononi. Yule wa Mwanzo anaipata taa baada ya kutoka. Si haki kumsoma mmoja kwa macho ya mwingine, na mahubiri mengi ya Kikristo, bila ya kujua, hufanya hivyo.

Si kwamba Yusufu wa Mwanzo hamtaji Mungu. Anamtaja anapomkataa mke wa Potifa, na tena anaposema kwamba tafsiri za ndoto ni za Mungu. Ila katika sehemu hizo Mungu anatajwa kuhusu wajibu na kuhusu ndoto za watu wengine. Linapokuja suala la maisha yake mwenyewe, maneno ni mengine kabisa. Katika sura ya 40 anamwomba mkuu wa wanyweshaji amkumbuke kwa Farao, na kumweleza kwamba aliibwa kutoka nchi ya Waebrania, na kwamba hata hapo hakutenda neno la kumtia shimoni. Kitenzi ni kuibwa. Na neno la Kiebrania analoliitia gereza, bor, ndilo lililotumika kwa shimo la Dothani: kwake yeye hajapata kutoka katika shimo la kwanza. Mnyweshaji anatoka, anasahau, na miaka 2 mizima inapita.

Hatua ya kati ni majina ya watoto. Yusufu alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30, yaani 13 tangu kuuzwa. Mzaliwa wa kwanza anamwita Manase, kwa kuwa Mungu amemsahaulisha taabu zake na nyumba yote ya babaye. Kinaya kilichomo humu kinastahili kusimamiwa kidogo, kwani mtu aliyesahau kweli hamwiti mwanawe Kusahau. Kila amwitapo mtoto aje kula, anaikumbuka nyumba ya babaye. Jina la pili, Efraimu, latoa shukrani kwa kuzaa matunda, lakini Misri bado inaitwa nchi ya mateso yake, na anayeiita hivyo ni mtawala wa pili wa nchi, mwenye pete ya Farao kidoleni. Hapa Mungu ameanza kuwa mtendaji wa vitenzi vya maisha ya Yusufu. Hata hivyo tendo lake bado ni kusahaulisha na kustawisha. Kusudi halijatajwa.

Kusudi linatajwa katika sura ya 45, na kinachomfanya Yusufu alitaje si ono bali ni hotuba ya Yuda. Ni Yuda yule yule aliyetoa shauri la kuuza. Sasa anaomba abaki yeye kuwa mtumwa badala ya Benyamini, asije akauona msiba utakaompata baba yake. Neno baba limerudiwarudiwa katika hotuba hiyo hata Yusufu akashindwa kujizuia. Analia, anajitambulisha, na kusema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba wao walimuuza, na kwamba Mungu alimtanguliza mbele yao ili kuokoa maisha.

Kitenzi cha Kiebrania katika kauli hiyo ya pili ni shalach, na ni kile kile alichokitumia Yakobo katika sura ya 37 alipomtuma kijana aende Shekemu kuwatazama ndugu zake. Kwa maneno mengine, safari iliyoanza kwa utume wa baba inafunuliwa, miaka 22 baadaye, kuwa ilikuwa utume muda wote. Hapa Kiswahili kina hazina ambayo Kiebrania hakina. Mzizi -tuma umezaa mtumwa kwa kiambishi cha kutendwa -w-, na umezaa mtume kwa kiishio -e, ambacho nacho hubeba maana ya kutendwa kama katika mteule na kiumbe. Kwa sarufi tupu, wote wawili ni watu waliotumwa. Tofauti yao imo katika swali moja tu: nani katuma, na kwa kazi gani? Kiebrania humwita mtumwa eved, neno lenye asili ya kufanya kazi, lisilohusiana na shalach. Msikilizaji wa Kiswahili peke yake ndiye awezaye kusikia kwamba yule ambaye mke wa Potifa alimwita mtumwa wa Kiebrania hakubadilika mzizi alipojiona kuwa mtume, alibadilika kiishio.

Wafasiri wa Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 hawakuutumia mzizi huo katika sura ya 45. Walichagua -peleka. Ni rahisi kuwalaumu kwa kuikosa nafasi hiyo, lakini lawama hiyo haitakuwa ya haki kamili. Anayetumwa hupewa ujumbe kabla ya kuondoka. Anayepelekwa aweza kuwa amefungwa kamba kama mzigo. Yusufu hakupewa ujumbe wowote, hakuulizwa, wala hakujua. Kwa hiyo -peleka, kwa ukavu wake, inalinda uchungu ambao -tuma ingeulainisha.

Na uchungu huo haufai kulainishwa, hasa katika lugha hii. Neno mtumwa halijapata kuwa istilahi ya vitabuni tu katika pwani ya Afrika Mashariki. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na Freretown karibu na Mombasa ilianzishwa katika miaka hiyo ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa majahazini. Katika historia ya namna hiyo, kusema kwamba Mungu ndiye aliyepeleka kunaweza kugeuka haraka kuwa udhuru wa muuzaji. Mwanzo inaziba mwanya huo kwa njia ya kisarufi. Kitenzi cha kuuza kinabaki na watendaji wake, wao ndugu, na hakigeuzwi kuwa cha kutendwa ili watendaji watoweke. Tena kauli ya kupelekwa haitoki kinywani mwa muuzaji hata mara moja. Baba anapokufa, katika sura ya 50, ndugu hawathubutu kudai kwamba yote yalikuwa mapenzi ya Mungu. Wanaomba msamaha kwa kosa. Anayeruhusiwa kukitumia kitenzi cha pili ni aliyeuzwa peke yake.

Lakini kisa hakimwachi Yusufu bila doa, na wahakiki wanaoishia kwenye machozi ya sura ya 45 wanakwepa sura ya 47. Humo njaa inapozidi, Yusufu anakusanya fedha za Wamisri, kisha mifugo yao, kisha ardhi, kisha wao wenyewe, wote wakawa watumwa wa Farao, wakitoa sehemu ya tano ya mavuno. Wanamshukuru kwa kuwahifadhi hai. Aliyeuzwa amekuwa mnunuzi, na kitenzi cha kununua kinatajwa bila maelezo ya kukitetea. Msimulizi amenyamaza tena kama alivyonyamaza kando ya shimo. Kusudi la kuokoa watu wengi limetimia, na bei yake imeandikwa waziwazi katika ukurasa huo huo. Usomaji wowote wa imani ya Yusufu usioweza kuubeba ukurasa huu ni usomaji wa nusu ya kisa.

Yusufu anakufa akiwa na miaka 110. Anawaapisha wana wa Israeli wapandishe mifupa yake kutoka huko. Anapakwa manukato na kuwekwa katika jeneza, na neno la mwisho la Mwanzo katika Kiebrania ni Misri. Mifupa hiyo inachukuliwa na Musa katika Kutoka 13, na katika Yoshua 24 inazikwa Shekemu, mahali ambapo baba yake alikuwa amemtuma.