Umoja Uliozaliwa kwa Toba: Tahakiki ya Kitabu cha Askofu Kisare

Kitabu cha Askofu Zedekiah Kisare, Kisare, a Mennonite of Kiseru, kilichapwa kwa Kiingereza mwaka 1984 huko Salunga, Pennsylvania, kama alivyomsimulia Joseph C. Shenk. Msimulizi ni Mjaluo wa Mara, ambaye mwaka 1967 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania. Nchi anayoisimulia ni Wilaya ya Tarime ya zamani. Tangu mwaka 2007 Shirati imo katika Wilaya ya Rorya. Sisi Walutheri yatupasa kukisoma tukiwa na swali moja: umoja wa waumini huletwa na nini?

Jibu la Kisare ni toba. Misheni ya Shirati ilianza mwaka 1934, lakini mmisionari na Mwafrika, Mjaluo na Mbantu, walisali pamoja huku kila mmoja akibaki kwao. Katika uamsho wa mwaka 1942 waliungamiana dhambi, naye Kisare akaona kwamba Kristo amewapa mji mpya, ambamo undugu hautokani tena na damu ya ukoo. Hapa Waefeso 2:14 inapata ufafanuzi ambao vitabu vingi vya Ulaya haviwezi kuutoa.

Hata hivyo kitabu kina upungufu. Ni ushuhuda wa mtu mmoja, tena kiongozi, aliomsimulia rafiki mmisionari; sauti za washarika wa kawaida twazisikia kupitia kwake tu. Aidha, ushuhuda waeleza jinsi ukuta ulivyoanguka, lakini hautoshi kutufundisha jinsi ya kuuzuia usijengwe tena. Wanchari na Warenchoka wa Tarime wamepigana kwa ajili ya ardhi, na katika koo zote mbili wamo waliobatizwa. Kule Serengeti, binti anayekimbia ukeketaji haulizi mlango anaoubisha ni wa dhehebu gani. Lakini aliyemfukuzia mpaka hapo huenda naye ni Mkristo. Uungamo wa mwaka 1942 hauwezi kurithiwa. Kila kizazi sharti kiungame dhambi zake chenyewe.

Je, Mlutheri aseme nini? Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika Kifungu cha 7, lafundisha kwamba kwa umoja wa kweli yatosha kupatana juu ya Injili na sakramenti. Lakini Kifungu cha 9 kinawalaani Waanabaptisti, mababa wa imani wa Wamennonite, kwa kukataa ubatizo wa watoto. Basi hatuwezi kudai kwamba machozi ya toba yamemaliza suala la mafundisho. Wala hatuwezi kudai kwamba mafundisho safi yametuondolea haja ya toba: mwezi Julai 2010, huko Stuttgart, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliwaomba Wamennonite msamaha kwa mateso waliyotendewa na Walutheri.

Thamani ya kitabu hiki ni hiyo. Kinatukumbusha kwamba mazungumzo juu ya ubatizo huzaa matunda yanapofanywa na watu waliokwisha kusameheana. Lililotendwa Stuttgart na wakuu wetu halijakamilika mpaka mchungaji wa Kilutheri katika Mara amwendee jirani yake Mmennonite, amwombe msamaha kwa kinywa chake mwenyewe, kisha waketi pamoja kuifungua Biblia.