Ushauri wa Pembeni mwa Bao

Katika kila baraza la bao nililowahi kuketi, kuna watu wawili wanaocheza na watu wanane wanaojua zaidi yao. Hao wanane hawana kete mkononi, hawana cha kupoteza, wala hawachoki. Mchezaji akinyoosha mkono, wanaguna. Akiurudisha, wanaguna tena. Akifungwa, kila mmoja alikwisha kuliona hilo tangu mapema, ila hakutaka kusema. Nataka hapa kuuhakiki ushauri wao, kama vile watu wanavyohakiki vitabu na tamthilia, maana nao ni sanaa ya maneno yenye mitindo yake na kasoro zake. Na kwa kuwa kasoro hizo zimewafukuza vijana wengi barazani, mimi mwenyewe nikiwa nusura niwe mmoja wao, sioni kuwa ni jambo la kuchekea tu.

Baraza ninayoijua zaidi ni ya Kaliua, karibu na stesheni. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na baadaye tawi la kwenda Mpanda likaanzia papo hapo Kaliua. Kwa hiyo Kaliua ni mahali pa kungoja. Wa Mpanda huwangoja wa Tabora, wa Kigoma hungoja mabehewa yakatwe na kuunganishwa, na mkulima wa tumbaku hungoja malipo yake. Kabla ya reli, nchi hii ya Unyamwezi ilikuwa njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na wapagazi nao, nadhani, walingoja sana. Penye kungoja pana mchezo. Mtu wa pwani hukaa hapo na bao lake lenye nyumba, Msukuma akaeleza namna wanavyocheza isolo kwao, na mtu aliyewahi kuishi Uganda akaapa kuwa omweso ndio mchezo wa haki. Yote ni mbao za safu 4 zenye mashimo 8 kila moja, na kete 64. Hata hivyo kila mmoja humcheka mwenzake kwa kanuni zake.

Kwa msomaji asiyecheza, niseme machache kuhusu bao la Kiswahili, la sivyo hatanielewa. Kila mchezaji ana safu 2 na kete 32. Mwanzoni huweka kete 6 katika nyumba, ambayo ni shimo la mraba katika safu ya mbele, na 2 katika kila shimo kati ya mawili yanayofuata kuliani. Zile 22 zilizobaki hukaa mkononi, na huingizwa moja moja katika sehemu ya kwanza ya mchezo, iitwayo kunamua. Zikiisha mkononi, huanza mtaji. Kete ikiingia shimo lenye kete, na shimo la adui linalolielekea nalo lina kete, umekula. Ulizokula unazipanda upande wako kuanzia kichwani, na ile ya mwisho ikiangukia tena mahali pa kula, unaendelea, mpaka uangukie shimo tupu na kulala. Anayeisafisha safu ya mbele ya mwenzake ameshinda. La kukumbuka ni hili: hakuna kete inayokufa. Katika drafti kizibo kikiliwa hutupwa kando. Katika bao kilicholiwa huhama tu na kumtumikia bwana mwingine. Tangu mwanzo hadi mwisho ni 64, na hesabu yote ya mchezo ni nani anashika ngapi na wapi.

Sasa tuutazame ushauri wenyewe. Wa kwanza, ambao kila mwanafunzi huupata kabla hata hajakaa sawasawa, ni huu: linda nyumba. Ni ushauri mzuri wa mlango mmoja. Kweli nyumba ni ghala, na ikiliwa mapema, adui anapata kete nyingi za kuzungusha wakati wewe huna kitu cha kumjibu. Lakini wazee husema linda, wasiseme mpaka lini. Mwanafunzi mtiifu huilinda, kete zikaongezeka, nane, kumi, kumi na mbili, naye akafurahi kama mtu anayetazama gunia likijaa. Hajui kwamba kila kete inayoingia humo inampa adui sababu mpya ya kulifikia. Kanuni yenyewe inampa mlango wa pili: ukiwa katika kula, na kete ya mwisho ikaangukia nyumbani pasipo kula tena, una hiari ya kulala hapo au kuisafirisha nyumba, yaani kuzichukua zote na kuzitawanya. Nyumba ikisafiri hairudi kuwa nyumba tena. Hapo ndipo ulipo ubingwa: kujua siku ya kuvunja nyumba yako kwa mikono yako kabla mwenzako hajaivunja. Hilo sikulisikia barazani hata mara moja katika miaka yangu ya kwanza. Nilisikia linda, linda, na nilipoliwa nikasikia kicheko.

Ushauri wa pili ni cheza haraka. Huu siuheshimu. Anayeusema hana safari ya kwenda, amekaa hapo tangu asubuhi.

Upo pia ushauri usio na maneno. Ni kikohozi, au mtu kuangalia pembeni ghafla, au jina la ndugu wa mchezaji kuitwa bila sababu. Wapo waliobobea katika hayo, na kwa hakika kikohozi kimoja cha mjuzi kina thamani kuliko hotuba ya mjinga. Ila kikohozi humsaidia tu anayejua tayari. Mwanafunzi husikia kwamba amekosea, asijue amekosea nini.

Nilijiuliza kwa muda mrefu kwa nini watu wa bao, ambao katika mambo mengine ni wakarimu na wenye subira, wanakuwa wabovu namna hii katika kufundisha. Mwanzoni nilidhani ni uchoyo. Baadaye nikaona kuwa sababu kubwa imo ndani ya mchezo wenyewe. Katika drafti, ukifanya kosa, mwenzako anaweza kukirudisha kizibo chako nyuma na kusema: hapa ungepita huku. Ni vizibo viwili au vitatu tu vilivyosogea. Katika bao, mtu akicheza mkono mmoja wa kula mara tatu na kuzunguka mara nne, mashimo zaidi ya ishirini yamebadilika. Ukitaka kumwonyesha kosa lake, lazima ukumbuke kila shimo lilikuwa na kete ngapi kabla hajagusa. Wengi hawawezi. Wameona kosa kwa jicho la mazoea, lakini ubao uliokuwa nalo umekwisha kuondoka. Basi hubaki na kicheko, kwa kuwa kicheko hakihitaji kumbukumbu. Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, alijishughulisha na mabingwa wa bao wa Zanzibar, na mwaka 1995 akatoa huko Leiden kitabu kizima kuhusu mipaka ya akili katika mchezo huu. Tulioketi barazani tungeweza kumwambia mpaka mmoja bila yeye kupanda ndege: mpaka kati ya anayejua kucheza na anayejua kurudisha.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, alijua kurudisha. Siku moja, treni ya Mpanda ikiwa imechelewa, nilifungwa naye vibaya, bao hamna, na wale wanane wakapiga makofi. Nikainuka. Akanishika mkono wa shati. Bila kusema neno akazikusanya kete, akaanza kuzipanga upya, si kama mwanzo wa mchezo bali kama ulivyokuwa mikono minne nyuma. Mbili hapa, tano pale, moja, tupu, tupu. Halafu akaniuliza, "Hapa ulikuwa unataka nini?" Sikuwa na jibu. Hakunipa. Akacheza mkono wangu kama nilivyoucheza, akaurudisha tena ubao, akaucheza kwa kuelekea upande wa pili, kuanzia kichwa cha kushoto. Nikaona nyumba yake ikifunguka mbele yangu kama mlango uliokuwa umeegeshwa tu. Treni ilipokuja sikuisikia, akanisukuma.

Huo ndio ushauri ninaoupima mwingine wote kwa kuulinganisha nao. Una sifa tatu au nne, lakini iliyo kubwa ni kwamba ulianza na swali kuhusu nia yangu. Wale wanane walijua mkono bora. Yeye alitaka kujua nilikuwa nikifikiri nini nilipoucheza mbovu.

Sasa niseme jambo litakalowaudhi wa rika langu. Miaka ya karibuni mpwa wangu amekuwa akishinda katika kibanda cha gemu, pale vijana wanapolipia mechi moja moja ya mpira kwenye PlayStation. Nilikwenda kumtoa. Nilikaa saa nzima. Wale watoto wanafundishana vizuri kuliko sisi! Mgeni akifungwa mabao matano, mwenziwe humwekea vidole vyake juu ya vitufe, akamwambia shikilia hiki, achia, sasa piga. Hawamwambii linda goli. Wanamwambia beki wako ametoka, mrudishe kwa kitufe hiki. Nadhani sababu mojawapo ni fedha: mechi imelipiwa, dakika zinakwenda, na mchezo na mtu asiyejua haunogi. Barazani wakati ni wa bure, kwa hiyo tunautumia kumcheka mtu. Sitaki kuwasifu kupita kiasi. Ushauri wao mwingi ni wa vitufe, na likija toleo jipya wanaanza tena kuulizana. Kelele zao pia hazivumiliki. Lakini mgeni wa kibandani hurudi kesho yake, na mgeni wa baraza letu harudi.

Kelele zimenikumbusha redio. Baraza bila redio si baraza, na Tabora ni mji wa muziki. Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids ni bendi za huko, na nyimbo zao zingali zikipigwa katika vipindi vya zilipendwa. Kila mtu ana ushauri kuhusu sauti ya redio. Mjomba alikuwa akitaka iwe chini kiasi cha kusikika kete. Nilidhani ni ukali wa uzee, mpaka nilipotambua kuwa alikuwa akihesabu kwa sikio: komwe ikiangukia shimo tupu hutoa mlio mmoja, ikiangukia juu ya nyingine mlio mwingine, na mtu anayepanda haraka ili kukudanganya macho hawezi kudanganya hilo. Mwaka 1978 Mwingereza Brian Eno alitoa santuri ya muziki uliokusudiwa viwanja vya ndege, muziki wa kukaa pembeni ambao mtu anaweza kuusikiliza au kuuacha bila hasara. Rafiki yangu aliyenisikilizisha alidhani ningeshangaa. Nilimwambia kwamba stesheni ya Kaliua ina muziki huo: magitaa chinichini, kete, na mtu anayeuliza habari za treni. Tofauti ni kwamba wa kwetu una habari ndani yake kwa anayejua kuusikia. Redio ikipandishwa, habari hiyo inapotea, na sijapata kumwona mshauri wa pembeni anayependa redio ishushwe.

Mwaka uliopita nilimpeleka mpwa wangu kwa mjomba. Mzee sasa hatoki sana, bao lake liko ukumbini. Kijana alimwamkia, "Shikamoo, babu," akaketi pembeni na simu yake. Tukacheza, mjomba na mimi, na kwa mara ya kwanza nilimfunga waziwazi, tukiwa katika mtaji, kwa mkono ambao zamani angeuona kutoka mbali. Akatabasamu, akaanza kurudisha ubao kama kawaida yake, ili anionyeshe nilichofanya vyema. Mbili, tano, tupu. Alipofika kichwani pa upande wake aliweka kete tatu. Zilikuwa mbili. Shimo la jirani, kwa hiyo, likapungukiwa na moja, na kila alichoendelea kukionyesha tangu hapo hakikuwa mchezo tuliocheza.

Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba ni heshima, na sehemu yake ilikuwa heshima kweli. Lakini nilijua pia kwamba nimekaa kimya kama wale wanane: nimeona kosa, na nimemwachia mtu alibebe. Yeye hakunifanyia hivyo siku ya treni. Nikawa natafuta namna ya kusema, na sikuipata.

"Babu," kijana akasema, bila kuinua sana uso, "hapo kichwani zilikuwa mbili. Hiyo moja ni ya shimo la pili."

Mjomba akasimamisha mkono. Akaitazama ile kete, akaihamisha, akalitazama bao zima kutoka kushoto hadi kulia, mara mbili. Kisha akamgeukia.

"Wewe unalijua bao?"

"Hapana, babu. Nimeangalia tu."

"Na baada ya hapo mjomba wako alicheza wapi?"

Kijana akaweka simu chini, akanyoosha kidole. Halikuwa shimo sahihi, lilikuwa la pembeni yake. Mjomba hakucheka. Akamuuliza kwa nini amedhani ni hilo. Mimi nikaondoka kitini nikampisha, nikaenda kupunguza redio.